Neno "Date": Tende, Tarehe, na Hii Tunayoiita Deti



Ramadhani iliyopita tulikuwa jikoni baada ya laasiri, tunakunja sambusa. Tulikuwa mimi, mama yangu, na mpwa wangu, binti wa kaka yangu. Simu ya mpwa wangu ilikuwa juu ya meza karibu na bakuli la nyama, ikatoa mlio. Mama yangu, ambaye alisoma Kiingereza skuli zamani na mpaka leo anajivunia, akanyoosha shingo akasoma kwa sauti. Lilikuwa neno moja tu na alama ya kuuliza: "Date?"

Bibi akafurahi. "Mjibu tende zipo," akasema, "tena nzuri, aje achukue kabla ya magharibi."

Tulicheka mpaka sambusa zikatufunguka mikononi. Mpwa wangu peke yake hakucheka. Aliyeuandika ujumbe ule ni mchumba wake, na hakuwa anauliza tende.

Usiku, tuliporudi taraweh, akanifuata chumbani. "Shangazi, si keshaleta posa na wazee wamekubali? Sasa deti ina ubaya gani?"

Sikumjibu usiku ule. Ningeweza kumwambia "haramu, basi" nikazima taa, lakini nakumbuka nilipokuwa na umri wake majibu ya namna hiyo yalivyoingia sikio hili yakatokea hili. Nikataka kwanza nilijue neno lenyewe limetoka wapi. Niliyoyapata ndiyo haya, na mwisho wake ni jibu langu kwake na kwa kila bibi arusi mtarajiwa anayesoma hapa.

Ya kwanza ni tende

Bibi hakukosea. "Date" ni tende, hii hii tunayofuturia. Waingereza walilipata neno hilo kwa Wafaransa zaidi ya miaka 700 iliyopita, Wafaransa wakalitoa kwenye Kilatini, na Kilatini kikalitoa kwenye Kigiriki, ambako *daktylos* maana yake ni kidole. Itazame tende iliyokauka, ilivyo ndefu na yenye mikunjo kama kidole cha mzee, utaona kwa nini. Wapo hata wataalamu wa lugha wanaosema kuwa Wagiriki walilisikia kwanza kwa watu wa Mashariki ya Kati, neno lililofanana na *daqal* la Kiarabu, ambalo ni aina ya mtende, kisha wakaligeuza lifanane na kidole chao.

Sisi visiwani hatukungoja tende ipite Ulaya. Ililetwa na majahazi yaliyokuja na kaskazi kutoka Omani na Ghuba, na kusi ilipovuma yakarudi na boriti za mikoko. Siku hizi inakuja kwa kontena, lakini pita Darajani Ramadhani inapokaribia uone kama kuna aliyeisahau.

Na katika dini yetu, angalia tende inavyomfuata mwanamke katika siku zake nzito. Bibi Maryam alipopatwa na uchungu wa kuzaa akiwa peke yake, aliambiwa alitikise shina la mtende, zimwangukie tende mbivu, ale na anywe. Bibi Asmaa bint Abi Bakr (R.A.) alipojifungua Abdullah, Mtume (S.A.W.) alitafuna tende akamtia mtoto kinywani. Na Mtume (S.A.W.) alipomwoa Bibi Safiyya (R.A.), walima yao ilikuwa tende, maziwa yaliyokaushwa na samli. Hapakuwa na mkate wala nyama. Bibi arusi unayelia usiku kwa sababu ya ukumbi, mpambaji na sare za mashoga, soma tena mstari huo.

Yupo na mama mmoja ambaye simsahau. Bibi Aisha (R.A.) alisimulia kuwa aliingiliwa na mwanamke masikini aliyefuatana na binti zake wawili, anaomba. Ndani hamkuwa na kitu ila tende moja. Akampa. Yule mama akaipasua nusu kwa nusu, akawapa binti zake, yeye mwenyewe hakula. Mshike mama huyu, nitamrudia.

Ya pili ni tarehe

"Date" ya pili haina udugu na ya kwanza. Zimekutana njiani tu, zikavaa nguo moja. Hii inatoka kwenye neno la Kilatini *data*, yaani "iliyotolewa". Warumi walipoandika barua walitaja kuwa imetolewa mahala fulani, siku fulani. Watu wakaendelea kuandika "imetolewa, imetolewa", mpaka neno lenyewe likawa ndilo jina la siku.

Sisi tuna "tarehe", kutoka Kiarabu, ambako neno hilo hilo ni pia historia. Na hesabu yetu Waislamu, iliyowekwa katika zama za Sayyidna Umar bin Khattab (R.A.), inaanzia Hijra, siku watu walipoacha nyumba zao kwa ajili ya imani.

Kwa binti aliyeposwa, tarehe si kitu kidogo. Wazee wanakaa, wanatazama mwezi, wanatazama mifuko, wanauliza nani atakuwa safarini. Wengine bado wanaogopa miezi na nyota. Hawa niwakumbushe kuwa Waarabu wa ujahili waliogopa kuoa mwezi wa Shawwal, Mfunguo Mosi wetu, wakisema una mkosi. Bibi Aisha (R.A.) aliolewa Shawwal, akaingia nyumbani kwa mumewe Shawwal, na akapenda wanawake wa kwao waozwe mwezi huo huo. Alikuwa akiuliza ni mke gani aliyepata fungu kubwa kwa Mtume (S.A.W.) kumshinda yeye.

Kuna na tarehe nyingine wanayobandikwa wasichana wetu, ile inayopigwa mhuri chini ya kopo la maziwa. Binti akifika miaka 27 au 28 hajaolewa, shangazi wa kila mtaa wanamgeuza kutazama chini imeandikwa nini. Mimi ni shangazi, na naona aibu kwa niaba ya wenzangu. Bibi Khadija (R.A.) alikuwa mjane, tena mkubwa kwa umri kuliko Mtume (S.A.W.), alipoolewa naye. Nataja hili kwa sababu maalumu. Binti aliyetishwa na mhuri wa kopo ndiye anayekubali deti asizozitaka, maana anaogopa akikataa hatokuja mwingine.

Ya tatu ndiyo iliyolia simuni

Hii imezaliwa na ya pili, na umri wake si mkubwa. Mwaka 1896, mwandishi wa gazeti huko Chicago, Marekani, aitwaye George Ade, aliandika kisa cha kijana karani anayemlalamikia msichana wake kwamba bila shaka yupo mwengine anayezijaza "date" zake zote. Alikuwa na maana ya siku zake. Siku katika kalenda ya msichana zilikuwa kama viti, na mtu mwengine keshavikalia. Kutoka hapo neno likahama polepole, kwanza likawa ile miadi yenyewe, kisha likawa mpaka mtu unayekutana naye.

Lakini kilichonishangaza mimi ni kilichokuwapo kabla yake. Katika familia za Kimarekani zenye uwezo wa kati, kijana aliyetaka kumjua binti alikwenda kwao. Hakujialika. Alialikwa na binti au mama yake, akakaribishwa sebuleni, akapewa chai, pengine binti akampigia piano, na mama hakuwa mbali. Mwanahistoria wa Marekani, Beth Bailey, ameliandikia jambo hili kitabu kizima, kilichotoka mwaka 1988. Anaeleza kuwa mambo yalipohama sebuleni kwenda mjini, kwenye mikahawa, kumbi za dansi, sinema na baadaye magari, madaraka nayo yalihama. Sebuleni mwenye kualika alikuwa mwanamke. Mjini kila kitu kina bei, mlipaji alikuwa mwanamume, kwa hiyo yeye ndiye mwenye kualika na yeye ndiye mwenye kutarajia.

Wala siwacheki wasichana wale. Wengi walikuwa wafanyakazi wa mjini, wamepanga vyumba vidogo, hawana sebule ya kumkaribisha mtu. Walitoka nje kwa sababu ndani hapakuwa na nafasi. Lakini binti wa kisiwani ana sebule, ana kaka, ana wajomba, ana bibi anayesoma ujumbe wa watu kwa sauti. Yeye anayaacha haya kwenda kutafuta nini?

Neno linalofunika

Nasema wazi. Posa ni ahadi, si ndoa. Barua imejibiwa, kishika uchumba kimepokewa, pete ipo kidoleni, na bado yule kijana ni ajnabi kwako kama jirani wa mtaa wa pili. Mtume (S.A.W.) amekataza mwanamume na mwanamke kukaa faragha pasipo maharimu, na hakumtoa mchumba katika katazo hilo.

Utaniambia, "Lakini Bi Mkubwa, sisi tunakutana Forodhani, watu wote wanatuona." Sawa, nakubali kuwa kula urojo mbele za watu si sawa na kufungiwa mlango. Lakini deti haikai Forodhani. Wiki ya kwanza ni urojo. Wiki ya nne ni gari, kwa sababu mvua inanyesha. Mwezi wa tatu ni nyumba ya rafiki aliyesafiri. Na kila mara mwenzako akikuuliza ulikuwa wapi, jibu ni lile lile, "Deti."

Hapo ndipo ninapogombana na neno hili. Si kwa sababu ni la Kiingereza, maana Kiswahili kimekaribisha wageni wengi na kikaishi nao vizuri. Nagombana nalo kwa sababu linafunika vitu vitano kwa kanga moja. Sisi tuna "kuonana", tuna "mazungumzo", tuna "miadi", na tuna "faragha". Kila moja linasema lilivyo. Jaribu kumwambia mama yako, "Mama, nakwenda faragha na mchumba wangu." Ulimi utakataa wenyewe. Ukisema "deti" unateleza kama samli.

Namjua dada mmoja, simtaji, aliyekwenda deti miaka miwili. Alitoa siku zake zote kwa mtu mmoja, kama yule msichana wa Chicago. Mwisho kijana akasema mama yake hajaridhia. Mwaka haukuisha akawa bwana arusi kwa watu wengine, kwa zafa na dufu, na hakuna aliyemuuliza alikuwa wapi miaka miwili ile. Dada yetu amebaki nyumbani, na kila anayekuja kuposa anaambiwa habari zake njiani. Mbele ya Allah (S.W.) hesabu yao ni sawa. Mtaani dhambi ni ya wawili, aibu ya mmoja. Si haki, na sitochoka kusema si haki, lakini ndio mji tunaoishi.

Wazazi, na nyinyi msikimbie

Asubuhi nilimweleza mpwa wangu haya yote. Akasikiliza, akanyamaza, kisha akanijibu jambo lililonikata maini.

"Sawa, shangazi. Basi mimi nimjue vipi? Nimemwona mara moja tu, nimebeba sinia la kahawa, macho chini. Baba anajua mshahara wake. Mimi sijui hata akikasirika anakuwaje."

Ana haki. Tumewafungia mtoto wa kike mlango wa nje na wa ndani, kisha tunashangaa anapita dirishani. Al-Mughira bin Shu'ba (R.A.) alipomposa mwanamke, Mtume (S.A.W.) alimwambia aende akamtazame, kwa kuwa hilo ni karibu zaidi na kudumisha mapenzi baina yao. Na Khansaa bint Khidam (R.A.) alipoozwa na baba yake kwa mtu asiyemtaka, alikwenda kwa Mtume (S.A.W.), na ndoa ile ikavunjwa. Dini iliyokataza faragha ndiyo iliyotoa ruhusa ya kutazamana na ndiyo iliyompa binti neno la mwisho. Mzazi anayeshika la kwanza akaacha mengine mawili ameshika kipande.

Baba zetu wakinunua gari kuukuu wanaita fundi, wanafungua boneti, wanalizungusha mji mzima mara tatu. Binti wanamtoa kwa wiki mbili, kwa sababu "ni mtoto wa watu fulani".

Ninavyoshauri

Turudishe sebule. Kijana aje nyumbani siku inayojulikana, kwa idhini ya wazazi, baada ya laasiri au baada ya isha. Binti akae kwa stara yake. Kaka au mjomba awe mahala anaposikia, hata kama anajifanya anasoma gazeti. Iwekwe sahani ya tende na birika la kahawa. Yasiwe mazungumzo ya dakika tano, wala isiwe mara moja tu.

Na nyinyi mabinti, mkipewa nafasi hiyo msiimalize kwa kutabasamu. Ulizeni. Sala yake ikoje? Ana madeni? Mtakaa wapi, na nani? Anakubali uendelee na masomo au kazi? Ana nia ya mke wa pili? Akikasirika anafanya nini, ananyamaza au anapiga ukuta? Yuko tayari mkapime afya pamoja? Na mahari atatoa lini, mkononi mwa nani? Kama kuna sharti unalolitaka katika ndoa, litaje kabla ya nikaha, na mmuulize sheikh au kadhi namna ya kuliweka.

Simu nayo tuwe nayo macho. Mazungumzo ya saa nane za usiku, taa imezimwa, ni chumba kilichofungwa mlango, ingawa mmoja yuko Mkoani na mwengine Mjini.

Kisha wekeni tarehe, na iwe ya karibu. Uchumba wa miaka mitatu unaongojea pesa za ukumbi ni mtihani tunaowapa watoto kisha tunawalaumu wakifeli. Mtume (S.A.W.) alimwambia Abdulrahman bin Awf (R.A.) afanye walima hata kwa mbuzi au kondoo mmoja. Na ya Bibi Safiyya tumeiona, tende na samli.

Ukishafungwa nikaha, dada yangu, nenda deti mpaka uchoke. Hapo nakuombea. Mtume (S.A.W.) alishindana mbio na Bibi Aisha (R.A.), mara ya kwanza akashindwa, na miaka baadaye akamshinda, akamtania kuwa hiyo ni kwa ile. Wako wanaume waliomaliza mishahara kwenye mikahawa wakati wa uchumba, leo wana mke wa halali na hawakumbuki kumchukua hata kwenda kupunga upepo pwani. Kaka zetu, kama mnasoma kwa kuibia, haya ni yenu.

Nilisema nitamrudia yule mama wa tende moja. Alikuwa na kitu kidogo, na hakumpa binti mmoja akamnyima mwengine, wala hakula akawaachia kokwa. Sisi tulionacho ni vitu viwili, hifadhi na hiari. Tuvigawe kwa haki. Ukimpa binti hifadhi bila hiari, umemfunga. Ukimpa hiari bila hifadhi, umemtupa.

Mchumba wa mpwa wangu alikuja Jumapili ya pili ya Mfunguo Mosi. Kaka yangu alikaa barazani, dirisha wazi. Siku hiyo ndipo ilipojulikana kuwa kijana alidhani mkewe ataacha chuo cha ualimu akiolewa, na binti alidhani hilo halina mjadala. Miezi minne ya ujumbe wa simu hawakuwahi kuulizana. Walibishana, kwa adabu, lakini walibishana. Alikuja tena mara mbili, na mara ya tatu mbele ya wazee akasema atamwacha amalize. Tarehe imewekwa, alhamdulillah.

Ile mara ya kwanza, kabla hajakunywa hata fundo la kahawa, mama yangu aliingia na sahani ya tende akaiweka mbele yake.

"Haya baba," akamwambia, "date yako hiyo."

Wabillahi tawfiq.